Programu ya Kutambua Picha Inapodanganyika, na Jicho Linapodanganyika: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu unawahusu watu wanaotegemea programu za kutambua picha katika kazi zao: afisa ugani anayepima majani ya muhogo kwa simu, mhifadhi anayechambua picha za kamera zilizotegwa porini, fundi anayesimamia mlango unaofunguka kwa uso, na mwanafunzi anayeunda programu yake ya kwanza. Umepangwa kwa dalili, kwa kuwa mtumiaji hukutana na dalili kabla ya kujua chanzo. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachojitokeza mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji kifaa chochote, kisha nikaendelea na marekebisho yanayohitaji utaalamu.

Shida nyingi ninazoletewa huanza na dhana moja potofu, kwamba mashine huona kama sisi, ila kwa ukali zaidi au kwa uhafifu zaidi. Jicho na mashine hushika vidokezo tofauti katika picha ileile, na kwa hiyo kila kimoja huweza kudanganyika mahali ambapo kingine kiko salama. Kwa asiyeijua tofauti hiyo ni hasara. Kwa anayeijua ni chombo cha kazi, maana mmoja anaweza kumkagua mwenzake.

Kabla ya kugusa chochote

Andika unachokiona wewe kabla ya kusoma jibu la programu. Ukishasoma neno "mgonjwa" kwenye kioo cha simu, macho yako yataanza kutafuta doa la kulithibitisha, na kuanzia hapo huna tena mashahidi wawili, una mmoja aliyemsikia mwenzake.

Hifadhi picha halisi kama ilivyotoka kwenye kamera. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na baadhi ya alama ndogo zimekwisha kupotea hata kama wewe huoni upungufu wowote.

Kisha jiulize kama udanganyifu uko kwenye mwanga wenyewe au kwenye tafsiri. Mazigazi yanayoonekana kama dimbwi la maji juu ya lami saa saba mchana hupigwa picha kabisa, kwa sababu miale ya mwanga imepinda kweli katika hewa ya moto iliyo karibu na barabara; hapo jicho na kamera vimepokea kitu kimoja, na hakuna programu ya kulaumiwa. Kiinimacho cha mistari miwili iliyo sawa, lakini mmoja ukionekana mrefu kwa sababu ya vishale vilivyo kwenye ncha zake, ni jambo la tafsiri: ukipima kwa rula iliyo juu ya picha, mistari ni sawa. Dalili zinazofuata karibu zote ni za aina hii ya pili.

Dalili ya kwanza: programu inajibu kwa uhakika mkubwa, ilhali kilicho mbele yake si kitu inachokijua

Umeelekeza simu kwenye jani la mwembe, au kwenye mkeka, na programu ya muhogo inatangaza ugonjwa kwa uhakika wa asilimia 97. Kisababishi cha kawaida kabisa ni kwamba orodha yake ya majibu imefungwa. Programu nyingi za aina hii hugawa asilimia mia moja kwa majina yaliyomo kwenye orodha, kama mtahiniwa aliye mbele ya swali la kuchagua ambaye ni lazima aweke alama kwenye A, B, C au D hata pale jibu sahihi halimo. Asilimia hiyo inaeleza jinsi jina moja lilivyoyashinda majina mengine ya orodha, wala haielezi kama kitu chenyewe kinaifaa orodha.

Ukaguzi wake ni rahisi. Piga picha tano za vitu visivyohusika: sakafu, kiganja chako, jani la mchungwa, anga, kitenge. Ikiwa programu inatoa majina ya magonjwa kwa vitu hivyo, umekwisha kupata chanzo. Kupandisha kiwango cha chini cha uhakika husaidia kidogo, lakini hakutoshi, kwani mwaka 2015 watafiti Anh Nguyen, Jason Yosinski na Jeff Clune walionyesha picha ambazo kwa binadamu zilikuwa chengachenga tupu au mistari ya rangi, na mtandao wa neva (aina ya programu inayojifunza kutokana na picha nyingi) uliotambulika wakati huo kuwa bora ukazipa majina ya wanyama na vitu kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99. Marekebisho ya kweli ni kuifunza programu kundi la "si jani la muhogo" lenye picha nyingi za aina mbalimbali, au kuweka mbele yake programu ndogo inayoamua kwanza kama kuna jani.

Binadamu naye huona visivyokuwapo. Chombo cha Viking 1 kilipopiga picha kilima cha sayari ya Mihiri mwaka 1976, watu wengi waliona uso. Hata hivyo mtu anaweza kuuona uso na papo hapo akajua kwamba ni jiwe na kivuli, jambo ambalo programu ya orodha iliyofungwa haina mahali pa kulisema.

Dalili ya pili: ilifaulu kwenye majaribio, inakosea shambani

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, nami naomba msomaji aipe muda.

Kisababishi kinachoongoza ni mandharinyuma. Programu haijui kwamba ulikusudia ijifunze jani. Inajifunza chochote kinachotofautisha makundi ya picha ulizoipa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya programu iliyofunzwa kutumia picha 54,306 za majani ya mazao 14, ambayo ilipata usahihi wa asilimia 99.35 ilipopimwa kwa picha za mkusanyo uleule. Picha hizo zilikuwa za majani yaliyochumwa na kulazwa juu ya mandharinyuma ya aina moja. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi asilimia 31 na kidogo. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walifunza kwa makusudi programu ya kutofautisha mbwa aina ya husky na mbwamwitu kwa picha ambazo mbwamwitu wote walikuwa kwenye theluji, nayo ikageuka kuwa programu ya kutambua theluji. Mwaka 2018 Sara Beery na wenzake walieleza jinsi ng'ombe anayetambulika vizuri malishoni anavyopotea machoni pa programu akiwa ufukweni. Mtoto wa Pangani aliyezoea kuona ng'ombe wakipitishwa pwani angeshangaa kusikia hilo.

Ukaguzi wa kwanza: chukua jani moja, lipige picha likiwa mtini, likiwa juu ya karatasi nyeupe, na likiwa juu ya udongo mwekundu. Jani ni lilelile, hivyo jibu nalo linapaswa kubaki lilelile. Ukaguzi wa pili, ambao kwangu ndio wenye thamani kubwa kuliko wote, ni kufunika. Weka kidole juu ya doa la ugonjwa, piga picha, usome jibu. Kisha liache doa wazi na ufunike sehemu nyingine zote. Ikiwa jibu halibadiliki doa linapofichwa, programu haikuwa ikilitazama doa hilo tangu mwanzo.

Kisababishi cha pili ni kuchanganya picha za chanzo kimoja kati ya mafunzo na majaribio. Picha kumi za mche mmoja zikigawanywa, nane mafunzoni na mbili kwenye jaribio, programu itafaulu kwa kuukumbuka mche. Kwenye kamera za porini hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kamera haihami na mti ulio mbele yake ni uleule mwaka mzima. Gawa picha kwa shamba, au kwa kamera, kamwe usigawe picha mojamoja kwa bahati nasibu. Angalia pia uwiano wa makundi: katika picha milioni 3.2 za mradi wa kamera za Serengeti ambazo zilitumika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, takriban robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote. Programu inayosema "hakuna kitu" kila mara ingepata asilimia 75 bila kumwona hata nyumbu mmoja.

Kisababishi cha tatu ni alama ngeni zilizojificha. Mjini Berlin mwaka 1907 Oskar Pfungst aligundua kwamba farasi Hans, aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alikuwa akisoma mwili wa anayemuuliza na kuacha kugonga kwato pale muulizaji alipolegea. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa Ujerumani waliichunguza programu ya kutambua farasi na kukuta kwamba ilikuwa ikisoma maandishi ya mwenye picha yaliyo pembeni, kwa sababu picha nyingi za farasi katika mkusanyo ule zilitoka kwa mpiga picha aliyeweka maandishi hayo. Mwaka 2018 ilionekana pia kwamba programu ya kutafuta nimonia kwenye picha za eksirei ingeweza kutambua picha imetoka hospitali gani, na hilo likaifaa kwa kuwa hospitali hizo zilitofautiana kwa wingi wa wagonjwa wa nimonia.

Kisababishi cha nne ni watu au vitu visivyowakilishwa. Kipimo cha Joy Buolamwini na Timnit Gebru cha mwaka 2018 kwa programu tatu za kubashiri jinsia kwa uso kilikuta makosa ya hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kiwango cha juu kabisa cha makosa kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kikiwa asilimia 0.8. Kwa mfumo uliotengenezwa mbali na hapa, omba takwimu za makosa kwa nyuso kama za watu watakaoutumia, na usikubali wastani mmoja wa jumla.

Simama: ikiwa programu inahusu eksirei, uchunguzi wa saratani au kipimo chochote cha mgonjwa, usijaribu kuirekebisha mwenyewe. Sitisha matumizi yake, hifadhi picha zilizokosewa, na umwite daktari wa mionzi pamoja na mtaalamu aliyeifunza.

Dalili ya tatu: inaona ngozi, haioni umbo

Chora umbo la paka, kisha jaza ndani yake mikunjo ya ngozi ya tembo. Wewe utasema paka, na mtoto wa miaka minne atasema paka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen walichapisha jaribio la aina hiyo mwaka 2019, na mitandao ya neva iliyofunzwa kwa njia ya kawaida ikasema tembo. Binadamu hutegemea zaidi mzingo wa kitu. Mitandao ile ilitegemea zaidi kilichojazwa ndani ya mzingo.

Shambani kisababishi cha kawaida ni vumbi, matope, mabaki ya dawa au matone ya umande, ambavyo hubadilisha sura ya uso wa jani bila kubadilisha umbo lake. Lifute jani kwa kitambaa laini, lipige picha upya, ulinganishe majibu. Kinachofuata kwa wingi ni mwanga mkali unaong'aa juu ya jani; jiweke kati ya jua na jani ili kivuli chako kilifunike lote. Marekebisho ya ndani ni kuifunza programu kwa picha zilizobadilishwa sura ya uso huku umbo likibaki, njia ambayo watafiti walewale walionyesha kwamba huielekeza kwenye umbo.

Kwenye muhogo, ugonjwa wa batobato hukunja na kupotosha majani machanga, yaani hubadilisha umbo na rangi pamoja, wakati ugonjwa wa michirizi ya kahawia huacha jani likiwa na umbo lake na kuweka umanjano kandokando ya mishipa. Programu isiyojali umbo itayachanganya magonjwa haya mawili kwa urahisi.

Dalili ya nne: picha mbili zinazofanana kabisa kwa jicho zinapewa majibu tofauti

Anza na kubanwa kwa picha na kubadilishwa kwa ukubwa, maana hapo ndipo matukio mengi huishia. Kisha angalia mahali picha ilipokatwa: tafiti zimeonyesha kwamba kusogeza kitu kwa pikseli moja tu (nukta moja kati ya zile zinazounda picha) kunaweza kubadilisha jibu la mitandao ya kisasa. Piga picha kumi mfululizo huku mkono ukisogea kidogo. Majibu yakiyumba, chukua jibu la wengi, na uandike kwamba yaliyumba, kwa kuwa kuyumba kwenyewe ni taarifa.

Kisababishi cha nadra, lakini kizito, ni mtu aliyekusudia. Mwaka 2013 Christian Szegedy na wenzake walieleza kwamba mabadiliko madogo yaliyokokotolewa kwa makini, yasiyoonekana kwa macho, huweza kuigeuza kabisa kauli ya mtandao. Mfano uliojulikana zaidi ulifuata mwaka 2014: picha ya panda, iliyotambuliwa kwa asilimia 57.7, iliongezewa vumbi hafifu la rangi, na programu ikasema ni giboni (aina ya nyani asiye na mkia) kwa asilimia 99.3. Kila pikseli ilisogezwa kiasi kidogo mno, ila zote zilisogezwa upande unaoiumiza programu, na maelfu ya vidogo hivyo yakajumlika kuwa kikubwa. Jicho halijumlishi kwa namna hiyo, kwa hiyo halikuona chochote.

Isisemwe kwamba binadamu yuko salama kabisa. Mwaka 2018 watafiti walitengeneza mabadiliko yanayodanganya mitandao kadhaa kwa pamoja, wakawaonyesha watu picha hizo kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na majibu ya watu nayo yakavutwa upande uleule. Muda wa kutazama tena ndio unaotuokoa, na mtandao wa kawaida hutazama mara moja tu.

Simama: ukishuku kwamba mtu anabadilisha picha makusudi ili kupita mlangoni, kupokea malipo au kuficha kitu, usiendelee na majaribio kwenye mfumo unaotumika. Hifadhi kumbukumbu, rudisha ukaguzi wa binadamu, na ukabidhi kazi kwa mtaalamu wa usalama wa mifumo.

Dalili ya tano: stika, maandishi au pambo limegeuza jibu

Hapa hakuna kilichofichika. Wewe unakiona kitu hicho na unakipuuza kwa sababu unajua ni stika. Mwaka 2017 stika ya duara yenye rangi nyingi iliwekwa kando ya ndizi, na programu ikaona kibaniko cha mkate. Mwaka 2018 vipande vyeusi na vyeupe juu ya alama ya barabarani ya "simama" viliifanya isomeke kama kikomo cha mwendo cha maili 45. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ilieleza udhaifu wa programu yake yenyewe, ambayo iliitambua tofaa vizuri, hadi kilipobandikwa kikaratasi chenye neno "iPod" ikadai ni iPod. Ondoa lebo, vibao vya majina ya mbegu na kamba za rangi kwenye eneo la picha, upige tena.

Dalili ya sita: mashine na jicho hawakubaliani, na jicho ndilo lililokosea

Watumiaji wengi huruka ukaguzi huu, kwani ni vigumu kujishuku.

Kisababishi cha kwanza ni kivuli. Ubongo hupunguza athari ya mwanga ili kukisia rangi halisi ya kitu, na kwa kawaida hilo hutufaa sana. Mchoro wa Edward Adelson wa mwaka 1995 unaonyesha ubao wa miraba wenye kivuli, ambapo mraba "mweupe" ulio kivulini na mraba "mweusi" ulio nje ya kivuli vina kijivu kilekile hasa, lakini hakuna anayeviona hivyo. Jani lililo chini ya mwembe litaonekana kwako kuwa na kijani cha kutosha wakati pikseli zinasema limefifia. Toboa matundu mawili kwenye karatasi ya kijivu, uiweke juu ya picha ili uone mabaka mawili tu bila mazingira yake, ulinganishe tena. Utashangaa, kama nilivyoshangaa mimi mara ya kwanza.

Kisababishi cha pili ni umakini uliofungwa mahali pengine. Katika jaribio la Daniel Simons na Christopher Chabris la mwaka 1999, takriban nusu ya watu waliohesabu pasi za mpira kwenye video hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji. Mwaka 2013 picha ndogo ya sokwe iliwekwa ndani ya picha za mapafu, na wataalamu 20 kati ya 24 wa mionzi waliokuwa wakitafuta vinundu hawakuiona, ingawa macho ya wengi wao yalipita juu yake. Afisa aliyetumwa kutafuta batobato ataipita michirizi ya kahawia kwa njia hiyohiyo. Mashine haichoki wala haitekwi na hesabu ya pasi, kwa hiyo inapoonyesha kitu usichokitarajia, rudi ukatazame upya kana kwamba hujawahi kufika kwenye mche huo.

Kisababishi cha tatu, ambacho ni cha nadra, ni mazoea ya mazingira tuliyokulia. Utafiti wa Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits uliotolewa mwaka 1966 ulikuta kwamba kiinimacho cha mistari yenye vishale huwadanganya watu wa jamii mbalimbali kwa viwango tofauti. Picha ikikaguliwa na watu wawili, chagua wasiotoka kwenye kazi ileile.

Dalili ya saba: jicho na mashine wanakubaliana, na wote wamekosea

Makubaliano hutuliza moyo, na ndiyo maana dalili hii hugunduliwa kwa kuchelewa. Kisababishi cha kawaida ni kwamba hawakuwa mashahidi huru: mtu alisoma jibu kwanza, au lebo za mafunzo (majina waliyopewa picha za kuifunzia programu) ziliandikwa na watu wenye kosa lilelile. Rudia kazi, mtu akitazama bila kuona jibu.

Kisababishi kingine ni kwamba ushahidi haumo kwenye picha. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kitaalamu na H. H. Storey mwaka 1936 kutokana na kazi ya Amani, Usambara, unaweza kuonyesha dalili hafifu sana kwenye majani huku ukiozesha mizizi ndani kwa ndani. Upungufu wa madini ya zinki nao huweka umanjano kati ya mishipa ya jani, na kwenye picha moja wala jicho wala programu haina namna ya uhakika ya kuutenganisha na ugonjwa. Chimba mche mmoja au miwili, ukate mizizi vipande mahali kadhaa, utafute mabaka makavu ya kahawia ndani ya nyama yake.

Simama: mizizi ikiwa safi lakini majani bado yana shaka, au shamba ni la kuzalisha mbegu, usiamue kwa picha wala kwa macho. Mwite afisa kilimo apeleke sampuli kwenye maabara inayopima virusi, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mikocheni kwa walio Tanzania, na usigawe pingili hata moja kwa jirani hadi majibu yarudi.